Hasira Hasara: Linda Pesa na Akili Ukicheza Poka Mtandaoni

Meza za poka za bei ya chini zinaonekana hazina madhara. Kwenye meza ya dola 0.01/0.02, kiingilio cha kawaida ni dola 2, kama shilingi 260 hivi. Ni bei ya chakula cha mchana tu, ama? Shida ni kwamba simu iko mkononi, na kuongeza pesa kunachukua sekunde chache. Ongeza 260 mara sita usiku mmoja, tayari ni 1,560, na tokeni za stima bado hujanunua.

Leo tuangalie mambo mawili yanayotembea pamoja: mtaji na akili.

Mtaji ni upi?

Mtaji wa mchezo ni pesa ambayo hata ikipotea yote, kodi italipwa, karo italipwa na watu wa nyumbani watakula. Isipokuwa hivyo, huo si mtaji. Mkopo wa simu pia si mtaji, kwa sababu utaulipa pamoja na ada zake, ushinde usishinde.

Wachezaji wengi makini huweka viingilio 20 hadi 30. Kwa meza ya dola 2, hiyo ni dola 40 hadi 60, takriban shilingi 5,200 hadi 7,800. Huna? Cheza meza zisizo za pesa kwanza.

Mbona nyingi hivyo? Kwa sababu bahati huyumba hata ukicheza vizuri. Tuseme una A mbili na mwenzako ana K mbili, na nyote mmeweka kila kitu kabla karata za mezani hazijafunguliwa. Utashinda takriban mara 4 kati ya 5. Hali hiyo ikikupata mara mbili, kuna nafasi kama 1 kati ya 25 upoteze zote mbili, na hukukosea popote. Mwenye viingilio 30 atavumilia. Mwenye viwili amekwisha.

Akili inapochemka

Baada ya kipigo kama hicho, moyo unataka kurudisha pesa saa hiyo hiyo. Wachezaji huita hali hii tilti. Unaanza kulipia karata mbovu, halafu unahamia meza kubwa ili urudishe haraka. Lakini karata hazijui kama umepoteza. Hakuna deni ambalo meza inakulipa.

Kwa hivyo, amua mapema ukiwa umetulia:

- Nikipoteza viingilio 2 leo, nafunga.
- Siongezi pesa tena siku hiyo hiyo.
- Sichezi nikiwa nimekunywa, nimechoka au nimekasirika.
- Mtaji ukipungua, nashuka meza. Nikiwa tayari meza ya chini kabisa, napumzika.

Simu yako inakumbuka

Sisi binadamu tunakumbuka ushindi kuliko hasara. Taarifa yako ya miamala haina upendeleo. Kila mwisho wa mwezi ifungue, jumlisha pesa zote ulizotuma kwenye mchezo, kisha toa zile zilizorudi. Hesabu na ada za kutuma. Jibu utakalopata ndilo bei halisi ya mchezo wako.

Usisahau pia kwamba meza za pesa hukata ada kwenye dau. Wawili wenye uwezo sawa wakicheza muda mrefu, wote hupungukiwa polepole. Mtaji mzuri unakupa muda na utulivu. Haukuhakikishii faida, na poka si mshahara.

Ukianza kukopa ili ucheze, kuficha taarifa zako au kukosa usingizi, hilo si suala la mtaji tena. Omba tovuti ifunge akaunti yako, na uongee na mtu unayemwamini au mshauri nasaha. Na kama hujafika miaka 18, kucheza kamari ya pesa hakuruhusiwi kisheria.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja wikendi hii, andika kikomo chako. Kisha tuma kiasi hicho tu, mara moja.