Gari la Parokia na Hewa ya Bahari: Somo la Kuchagua Klia

Ndugu wanakamati, na ninyi wafadhili mnaotuunga mkono kutoka mbali,

Katika toleo hili tunapenda kushirikishana nanyi somo tulilolipata kwa gharama. Pikapu yetu, ambayo hubeba mabati, mahindi na mara nyingi wagonjwa wa usiku kutoka vijiji vya Bagamoyo, ilipigwa rangi upya kwa fedha za michango. Ilitoka gereji ikimeremeta. Ilipofika masika ya pili, boneti na paa vilikuwa vinabambuka kama nyoka anayejivua gamba. Mfadhili mmoja alituuliza kwa upole kama kweli zile fedha zilikwenda kwenye rangi. Zilikwenda. Kosa letu ni kwamba kamati ilipitisha bei bila kujua inanunua nini.

Klia ni ile rangi ya mwisho isiyo na rangi, inayopigwa juu ya rangi yenyewe. Kazi yake si kung'arisha tu. Huzuia miale ya jua isiichome rangi iliyo chini, na huzuia maji na chumvi visipenye. Rangi ya fedha na nyingine zenye chembechembe za alumini haziwezi kuishi bila klia, kwa sababu chembe hizo hupoteza mng'ao zikiguswa na hewa na unyevu. Lakini gari jeupe la kawaida linaweza kupigwa rangi ya kuchanganywa na hadena ambayo ina mng'ao wake, bila klia kabisa. Kwa maoni yetu, parokia nyingi zingechagua njia hiyo: ni nafuu, na mkwaruzo hurekebishwa kwa urahisi. Pikapu yetu ni ya rangi ya fedha, basi hatukuwa na hiari.

Klia ziko za aina mbili. Ya kwanza hukauka kwa thina kuruka tu hewani. Ni rahisi kununua na rahisi kupiga, lakini hulainika ikimwagikiwa petroli, na jua la pwani huichosha mapema. Hiyo ndiyo tuliyouziwa. Ya pili huchanganywa na hadena, na vitu hivyo viwili huungana kuwa ngozi ngumu. Kwa gari linalolala karibu na bahari, tunashauri hii ya pili. Kipimo cha kuchanganya kimeandikwa kwenye kopo, kwa mfano sehemu mbili za klia kwa moja ya hadena; fundi asipime kwa macho. Hadena zipo za haraka na za taratibu. Kwa joto letu chukueni ya taratibu, la sivyo klia hukauka kabla haijatandaa na kubaki na vipele kama ganda la chungwa.

Hata hivyo klia nzuri juu ya chumvi ni kazi bure. Anayeyafahamu mashamba ya chumvi ya Nunge anajua hewa yetu imebeba nini. Chumvi haiondoki kwa msasa, wala thina haiiyeyushi. Huondolewa na maji baridi yasiyo ya chumvi, kabla ya msasa na baada yake. Ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na malengelenge huanza. (Visima vingine vya pwani maji yake yenyewe ni ya chumvi. Yaonjeni kwanza.) Kompresa nayo hukusanya maji tumboni, hivyo imwagwe kila asubuhi kabla ya kazi. Rangi ipigwe asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi na unyevu, na masika isubiriwe ipite. Klia ipigwe mikono miwili, ukiachwa muda kati yake kama kopo linavyoelekeza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halikuwa kwenye bajeti yetu hata kidogo. Hadena hizi kwa kawaida zina kemikali iitwayo isosayaneti. Mvuke na ukungu wake unaweza kumletea fundi pumu, na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye humbana kifua. Kitambaa au barakoa ya vumbi haizuii. Barakoa ya chujio la mkaa ni afadhali, lakini kemikali hii haitoi harufu ya kumjulisha mtu kwamba chujio limekwisha. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023 unataka wanaozitumia kazini wapewe mafunzo kwanza. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Kijana aliyepiga rangi pikapu yetu mara ya pili alikuja amejifunga khanga puani. Tulimwomba asubiri. Wajumbe wawili walisema hilo ni jukumu la mwenye gereji, na kisheria hawakukosea. Lakini mwenye gereji hakuwa na barakoa, na sisi ndio tuliochagua klia yenye hadena. Kamati ilikubali kuinunua kwa fungu la matengenezo, iwe mali ya parokia na iazimwe kwa gereji kila gari letu linapopigwa rangi. Kazi ilichelewa wiki tatu, na wagonjwa walibebwa kwa bodaboda. Risiti ya barakoa tumeiambatisha kwenye hesabu za robo hii, chini ya rangi.