Somo kwa Makatibu: Kupanga Kumbukumbu za Chama kabla ya Kumwita Fundi wa Kompyuta

Katibu wa chama cha msingi anayetaka programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama, akaanza kwa kumwita fundi, ameanzia mwisho wa kazi. Fundi anaijua kompyuta. Hajui kwa nini mkulima wa kahawa hulipwa mara mbili kwa mzigo mmoja, wala deni la pembejeo hukatwa katika malipo yapi. Mambo hayo wanayajua katibu, karani wa mizani na mtunza fedha, na hapana budi yaandikwe kwenye karatasi kabla ya kutolewa hata shilingi moja ya wanachama.

Ghala la taarifa za namna hii huitwa kanzidata. Msingi wake uliwekwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1970 alichapisha makala iliyoeleza jinsi taarifa zinavyoweza kuwekwa katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na majedwali hayo yakaunganishwa kwa alama zilizomo ndani yake. Fikra hii si ngeni kwa mtu aliyepata kutunza vitabu. Namba ya ukurasa wa leja, iandikwayo pembeni mwa daftari la fedha, hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa chama kinachopokea kahawa, majedwali matano yanatosha kuanzia: wanachama, mapokezi ya mizani, bei, malipo, na madeni ya pembejeo. Kanuni kuu ni kwamba kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Simu ya mwanachama ikae katika jedwali la wanachama, isirudiwe katika kila stakabadhi. Vinginevyo siku atakapobadili simu, chama kitakuwa na namba mbili na hakuna atakayejua iliyo ya kweli.

Mapokezi yaunganishwe na mwanachama kwa namba yake ya uanachama, si kwa jina. Katika kijiji ambacho ukoo mmoja umejaa kata nzima, si ajabu wanachama wawili kuwa na jina la kwanza na la ukoo yaliyo sawa kabisa. Kilo za mmoja zikiingia kwa mwenzake, kosa halionekani siku ya mizani. Huonekana miezi mingi baadaye, malipo ya pili yanapofika, na fedha zimekwisha kuliwa. Namba ya uanachama isitumike tena kwa mtu mwingine. Mwanachama akifariki, mrithi wake apewe namba mpya, na programu ionyeshe kwamba amerithi hisa za namba fulani.

Jambo linalowaponza wengi ni bei. Fundi asiyeelekezwa huweka nafasi moja tu ya bei, ili karani aifute na kuandika nyingine inapobadilika. Tuseme, kwa mfano, mwanachama ameleta kilo 45 wakati malipo ya awali yakiwa Sh. 5,000 kwa kilo. Kisha bei ikapanda hadi Sh. 5,500, naye akaleta kilo 38 na tena kilo 37. Haki yake ni Sh. 225,000 kwa mzigo wa kwanza na Sh. 412,500 kwa mizigo miwili ya mwisho, jumla Sh. 637,500. Programu yenye nafasi moja ya bei itazidisha kilo zote 120 kwa Sh. 5,500 na kutoa Sh. 660,000. Chama kimepoteza Sh. 22,500 kwa mtu mmoja, wala hakuna aliyeiba. Kwa hiyo jedwali la bei liwe na tarehe ya kuanza kwa kila bei, na bei ya zamani isifutwe kamwe.

Vivyo hivyo kwa makosa ya karani. Aliyeandika kilo 73 badala ya 37 asiruhusiwe kufuta. Aandike mstari mpya wa kutoa kilo 36, pamoja na sababu, tarehe na jina la aliyeidhinisha. Mkaguzi wa hesabu ataona kosa na sahihisho pamoja. Programu inayoruhusu kufuta bila alama ni mbaya kuliko daftari la wino, maana wino ukikwanguliwa karatasi husema.

Anayeingiza kilo asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, na kila mmoja awe na nenosiri lake. Nakala ya kumbukumbu itolewe kila siku ya mapokezi na kuwekwa nje ya jengo la ofisi. Stakabadhi za karatasi ziendelee, kwani umeme hukatika mbele ya foleni ya wakulima. Kwa vyama vya Tanzania, ikumbukwe pia kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa Kenya, ipo ya mwaka 2019. Orodha ya wanachama na simu zao si bidhaa ya fundi wala ya mfanyabiashara wa pembejeo.

Mkataba useme wazi kwamba taarifa zote ni mali ya chama, na kwamba chama kinaweza kuzitoa zote, wakati wowote, katika majedwali yanayosomeka bila programu hiyo. Chama kisichokuwa na kifungu hiki kimejifunga kwa mtu mmoja, naye fundi anaweza kuhama, kuugua au kupandisha gharama.

Malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe kabla ya jaribio. Apewe mapokezi, bei na madeni ya msimu uliopita, na programu ichapishe orodha ya malipo ya pili. Kamati ikae na orodha hiyo pamoja na leja iliyokaguliwa, ilinganishe mwanachama kwa mwanachama, na kila shilingi iliyotofautiana ielezwe kwa maandishi ndipo mwenyekiti atie sahihi.