Kufua na Kuhifadhi Nguo Laini za Ndani

Somo hili linahusu sidiria, shimizi, chupi za lesi na mavazi ya kulalia ya satini au hariri. Tumeliandika tukiwafikiria hasa watumiaji wa kata kama Sigino, katika Halmashauri ya Mji wa Babati, ambako kaya nyingi hufua kwa mkono katika beseni, huanika uani na hutumia pasi ya mkaa. Maelekezo yanayofungashwa pamoja na nguo hizi kwa kawaida humlenga mtu mwenye mashine ya kufulia. Hayamsaidii sana mama anayefua uani wakati wa kiangazi, vumbi likipeperuka kutoka barabarani.

Tuanze na kile kinachoharibika. Mara nyingi kitambaa chenyewe kingali kizima, ila mpira umelegea. Nguo hizi huvutika kwa sababu ya uzi uitwao elastani, uliobuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont nchini Marekani. Uzi huo unaweza kuvutwa hadi mara 5 ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa. Adui zake wanafahamika: joto kali, dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, na mkono unaonyonga. Ufuaji wa mara kwa mara haumo katika orodha hiyo. Kinyume chake, jasho na mafuta ya mwili yakiachwa katika nguo hudhoofisha mpira, kwa hiyo sidiria inayovaliwa siku nne mfululizo ili "isichakae kwa kufuliwa" huchakaa upesi zaidi.

Fua kwa maji ya baridi au ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi, yaani yale ambayo mkono hauyahisi kuwa ya moto. Yeyusha sabuni kwanza, ndipo utumbukize nguo. Sabuni ya kipande ikisuguliwa moja kwa moja juu ya lesi huacha chembe katika matundu na kukata nyuzi. Loweka kwa dakika chache, kisha minya kwa kiganja bila kufikicha. Ikiwa maji ya kisima chako hayatoi povu kwa urahisi, tambua kwamba yana madini yanayoshikamana na sabuni na kuacha utando mgumu kwenye kitambaa. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati ni bora zaidi, angalau kwa kusuuza. Doa la damu litolewe kwa maji ya baridi tu, na mapema; maji ya moto huligandisha. Dawa ya klorini isitumike kabisa katika nguo zenye elastani, hata zikiwa nyeupe, kwani huzigeuza kuwa za manjano na kuukata mpira.

Ukimaliza, usinyonge. Laza nguo juu ya taulo kavu, ikunje pamoja nayo, kisha bonyeza ili taulo linyonye maji.

Sasa tunafika kwenye kuanika, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Desturi ya heshima katika nyumba nyingi hutaka nguo za ndani zisionekane na wageni, wakwe wala watoto wa jirani. Kwa hiyo huanikwa chini ya kanga, au ndani ya chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mlango. Hatuna ugomvi na heshima hiyo. Lakini nguo inayokauka polepole mahali pasipopita hewa huota ukungu, hunuka, na inaweza kuidhuru ngozi. Upande mwingine, jua kali la mchana hufifisha rangi na kuchosha mpira.

Kuna na jambo la tatu, ambalo halipaswi kupuuzwa. Sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina nzi anayetaga mayai katika nguo mbichi, hasa zile zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa kwa siku chache, na funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji na kufanya uvimbe mfano wa jipu. Ndiyo maana wazazi wetu walisisitiza kila nguo ipigwe pasi. Ushauri huo ni sahihi kwa chupi za pamba. Zianike juani na uzipige pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Nguo za nailoni na lesi, hata hivyo, haziwezi kustahimili pasi ya mkaa, ambayo haina kipimo cha joto.

Njia tunayopendekeza kwa nguo laini ni kuzianika ndani ya nyumba, katika chumba chenye dirisha lililo wazi na lenye wavu, mbali na ukuta. Pale ambapo hakuna wavu, zianike barazani, juu kabisa kutoka ardhini, na kuzifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha upepo. Kanga moja iliyo kavu inatosha, nayo hulinda heshima pia. Usianike juu ya majani wala mchangani. Ukihisi kwamba nzi amezifikia, ziweke kando kwa zaidi ya wiki mbili bila kuvaliwa, kwani funza asiyepata mwili wa kuingia hufa. Sidiria ning'iniza kwa kubana katikati, baina ya vikombe viwili. Ukibana mkanda wa begani, uzito wa maji utaurefusha.

Kuhusu kuhifadhi, yatosha kusema kwamba nguo iwe kavu kabisa, kulabu zifungwe zisinase lesi, na sidiria zenye sponji zipangwe moja ndani ya nyingine bila kukunja kikombe. Tahadhari moja tu: vidonge vya nafthalini vinavyowekwa sandukuni dhidi ya nondo vinaweza kumletea mtoto mchanga upungufu hatari wa damu, hasa aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Mama anayenyonyesha asihifadhi navyo sidiria zake wala nguo za mtoto. Isitoshe, nondo hali nailoni.

Unaponunua, soma lebo ya ndani kabla ya kulipa. Beseni lenye mkono maana yake fua kwa mkono. Pembetatu iliyokatwa kwa alama ya X hukataza dawa ya kung'arisha. Mraba wenye mistari miwili ya mshazari kwenye kona hutaka kivuli. Pasi yenye nukta moja haipaswi kuzidi nyuzi 110. Nguo za ndani za mtumba haziruhusiwi kuuzwa nchini, hata zikisifiwa namna gani mnadani. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Basi nguo iliyouzwa kama hariri ikikutwa ni nailoni, irudishe dukani ikiwa na lebo yake pamoja na risiti. Tunawasihi wasomaji wasiikate lebo siku ya kwanza kwa sababu inawasha mgongoni. Ikikulazimu kuikata, ibane kwa pini pamoja na risiti na uiweke mahali utakapoikumbuka.