Kijiwingu cha Al-Sufi

Amma baada. Katika elimu ya falaki yako mambo yaonekanayo kwa macho, na hakika yake isijulikane ila kwa kipimo. Miongoni mwa hayo ni kijiwingu kilichomo katika nyota za Andromeda.

Wa kwanza ajulikanaye kukiandika ni Abdurrahman al-Sufi, katika kitabu chake cha Sura za Nyota, yapata mwaka 964. Hakuwa na darubini. Aliandika alichokiona, wala hakuzidisha.

Mwaka 1888 Isaac Roberts wa Uingereza alikipiga picha, kikaonekana kimejizungusha mfano wa gamba la konokono. Wanazuoni wakakhitilafiana: kimo ndani ya kundi la nyota zetu, au ni kundi jingine lililo mbali? Mwaka 1920 Harlow Shapley na Heber Curtis walihojiana mjini Washington. Shapley alishika kauli ya kwanza, na katika hoja zake ni vipimo vya sahibu yake Adriaan van Maanen, aliyedai kuwa ameona mawingu ya namna hii yakizunguka; na lau yangekuwa mbali sana, mwendo huo usingalionekana.

Khitilafu hiyo haikukatwa kwa maneno. Mwaka 1923 Edwin Hubble, kwa darubini ya Mount Wilson, Marekani, yenye kioo cha inchi 100, aliona humo nyota izidiyo nuru na kupungua kwa muda maalumu. Naye Bibi Henrietta Leavitt alikwisha kubainisha, mwaka 1912, kuwa nyota za namna hiyo kila muda wake ukirefuka, nuru yake ya asili huzidi. Basi ajuaye nuru ya asili, akailinganisha na ile imfikiayo, hujua umbali; kama baharia ajuaye ukubwa wa taa ya jahazi, akiiona hafifu, hujua kuwa jahazi li mbali.

Ikathubutu kuwa ni kundi jingine. Shapley alipopata waraka wa Hubble, mwaka 1924, aliiacha kauli yake. Na vipimo vya van Maanen vikadhihirika kuwa na kosa. Hubble naye alikadiria umbali kwa uchache. Walter Baade akausahihisha mwaka 1952. Sasa hukadiriwa miaka ya nuru 2,500,000, yaani nuru ionekanayo usiku huu ilitoka huko kabla ya miaka kadiri hiyo.

Basi na azingatie mwenye kutafuta elimu: usahibu si dalili, na kurejea kwenye haki si aibu. Wallahu a'lam.