Kabla Hujamlipa Fundi wa Kamera

Mdogo wangu uliyefungua duka ukafunga na kamera, leo naongea na wewe. Fundi akikwambia, "Dada, ruta yako ina NAT, uko salama," usiitikie haraka. Kaa nikueleze.

Anwani za IP za aina ya IPv4 hazifiki bilioni 4.3 dunia nzima. Watu tu haziwatoshi, sembuse simu na kompyuta zao. Kwa hiyo vifaa vya dukani hupewa anwani za ndani, kama 192.168.1.20, ambazo nyumba na ofisi nyingine chungu nzima zinazitumia pia, na huko nje kwenye intaneti hazina njia. Fikiria shule ya bweni yenye S.L.P. moja: barua za wanafunzi wote zinapitia hapo, na karani ndiye anayejua ipi ni ya nani.

Simu yako ikifungua tovuti, NAT iliyo ndani ya ruta huondoa anwani ya ndani kwenye pakiti na kuweka ile moja ya nje pamoja na namba ya poti. Kisha huandika kwenye jedwali lake: poti 40512 ni ya simu hii. Jibu likirudi kwa poti hiyo, linageuzwa na kufikishwa. Pakiti iliyojileta yenyewe, isiyo na kumbukumbu yoyote, haina pa kwenda. Hapo ndipo wengi wanapodhani NAT ndiyo ulinzi.

Siyo. NAT kazi yake ni kugeuza anwani. Wa kupita na wa kuzuiwa huamuliwa na kanuni za ukuta wa moto ulio ndani ya ruta. Kirusi kilichoingia na kiambatisho cha barua pepe huanzisha mawasiliano kikiwa ndani, na jedwali linakipokelea majibu bila kuuliza. Tena fundi akitaka uione kamera ukiwa nyumbani, huenda akafungua poti ya nje ielekee moja kwa moja kwenye kamera. Sasa yeyote duniani anaweza kubisha hodi. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani.

Badili hayo maneno ya siri leo, ya kamera na ya ruta. Zima UPnP, maana huviruhusu vifaa vijifungulie poti bila wewe kujua. Ukitaka kulitazama duka ukiwa mbali, fundi akuwekee VPN. Akilalamika kwamba inamchelewesha, msubiri kwa upole, akuonyeshe kwenye skrini kwamba poti ya kamera imefungwa, ndipo umlipe.