Shokapu ya Nyuma: Fremu Kwanza, Jina Baadaye

Baiskeli nyingi za milimani zenye shokapu mbele na nyuma unazoziona Karura au Ngong Hills Jumamosi asubuhi ni mitumba kutoka Ulaya. Fremu huwa nzima, gia zinarekebishika, ila shokapu ya upepo ya nyuma ndiyo huwa imekata kauli. Yangu ilifika hivyo, na za wenzangu kadhaa pia. Kutafuta nyingine kumenifunza haya.

1. Namba ni mbili, na zote mbili ni za fremu

Shokapu hununuliwa kwa urefu wa kutoka jicho hadi jicho (tundu la bolti kila ncha) na kwa mwendo wa pistoni. Zamani vipimo hivyo vilikuwa vya inchi, ndiyo maana baiskeli za miaka ya nyuma huja na 200 kwa 57 au 216 kwa 63. Mwaka 2016 kampuni ya RockShox ilianzisha vipimo vya milimita, na sasa kinachopatikana kwa wingi ni 210 kwa 55, 230 kwa 65 na jamaa zake. Fremu ya 200 haigeuki ya 210 kwa kuwa tu dukani imebaki ya 210. Fremu nyingi zina uwiano wa karibu 2.5 kati ya mwendo wa gurudumu na mwendo wa shokapu, kwa hiyo kila milimita unayoongeza kwenye urefu huinua sehemu ya nyuma kwa milimita mbili na nusu hivi. Ongeza kumi uone: uma wa mbele unasimama wima zaidi, pedali zinakuwa juu, na kwenye mteremko unajihisi kama unasukumwa kwa mgongo.

Pima shokapu ya zamani ikiwa haina mzigo, kwa venia au rula ya chuma, kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya nyingine. Usitegemee kibandiko, baiskeli ya mtumba huenda imeshabadilishiwa shokapu kabla haijakufikia.

2. Mwendo ukizidi, tairi hula fremu

Hili nililiona kwa macho. Mwenzetu alinunua shokapu yenye urefu sahihi kabisa, ila mwendo wake ulikuwa umezidi kwa milimita tano. Muuzaji alimwambia, "Weka tu boss, itaingia." Na kweli iliingia, bolti zote mbili zikakaa. Fundi wetu hakumruhusu aondoke nayo. Alitoa upepo wote, akamwomba aketi kwenye kiti na kuikandamiza baiskeli hadi mwisho. Tairi likagusa bomba la kiti, likaacha mstari mweusi kwenye rangi. Kwenye jiwe la Ngong mguso huo ungekuwa pigo, na fremu ya kaboni haistahimili mapigo mengi ya namna hiyo.

Shokapu ile haikutupwa. Nyingi za kisasa hupunguzwa mwendo kwa kipande kinachowekwa ndani, 55 ikawa 50, na ndivyo fundi alivyofanya. Tangu siku ile hakuna baiskeli inayotoka kwake kabla ya kukandamizwa bila upepo.

3. Tazama ncha

Kuna shokapu zenye jicho kila upande, na kuna za tranioni, ambazo upande mmoja hauna jicho bali bolti huingia ubavuni kutoka kulia na kushoto. Hazibadilishani. Kwenye zenye macho, bushi na vipande vya pembeni ni vya fremu, kwa mfano 22 kwa 8, na mara nyingi huuzwa mbali na shokapu. Watengenezaji wengine wa baiskeli, Specialized na Trek wakiwemo, wana modeli zenye mshikio wa kwao wenyewe. Hapo uhuru wako wa kuchagua ni mdogo.

4. Piga hesabu ya wenzo na uzito wako

Gawanya mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa shokapu upate uwiano wa wenzo. Baiskeli ya milimita 140 yenye shokapu ya 55 inakupa 2.5 na kidogo. Yenye 120 na shokapu ya 38 inavuka 3. Namba ikiwa kubwa, shokapu inabeba nguvu kubwa zaidi kwa mwendo mfupi, na mtu wa kilo 100 atahitaji presha inayokaribia kikomo. Kikomo hicho si cha kubahatisha: Float X ya Fox, kwa mfano, imewekewa psi 350.

Kwa kuanzia, weka presha ya psi inayolingana na uzito wako kwa ratili. Wa kilo 80 aanze na psi 175 hivi. Kisha vaa kila kitu unachoendea, pamoja na begi la maji, panda huku umeegemea ukuta, sogeza oringi hadi kwenye sili, ushuke taratibu. Oringi ikisogea kati ya asilimia 25 na 30 ya mwendo, umefika. Kwa 55 hiyo ni kati ya milimita 14 na 16 na nusu. Kama presha iko sawa lakini unagonga chini kila mara, usiongeze upepo. Ongeza kipande cha plastiki kinachopunguza nafasi ya hewa, shokapu ikazane mwishoni bila kuwa ngumu mwanzoni.

(Wapo wanaodai kwamba ukitoka Mombasa hadi Nairobi lazima uipime upya kwa sababu ya mwinuko. Tofauti ni kama psi 3. Baridi ya alfajiri ina athari kubwa zaidi: nyuzi 10 hubadilisha psi 180 kwa psi 6 au 7.)

5. Chupa ya pembeni si pambo, wala si lazima

Shokapu yenye chupa ya pembeni hubeba mafuta mengi zaidi, hivyo hukawia kupata joto kwenye mteremko mrefu. Mafuta yakipata joto huwa mepesi, na baiskeli huanza kurukaruka karibu na mwisho wa mteremko. Karura, penye mizizi na vipande vifupi vya kushuka, sijaona faida yake. Anayeshuka Ngong au miteremko ya Bonde la Ufa atafurahi. Lakini pima kwanza nafasi ya chupa na ya chupa ya maji ndani ya fremu. Fremu ndogo huwa haina.

6. Pampu ni sehemu ya bei

Vali ni ileile ya tairi la gari, ndiyo maana watu hukimbilia kituo cha mafuta. Kompresa ya pale haifiki presha inayohitajika, na upepo wake huja kwa mkupuo kwenye chumba kidogo mno. Nunua pampu ya shokapu. Ukishajaza, ikandamize mara kadhaa taratibu ili hewa ipite hadi chumba hasi, kile kidogo cha upande wa pili wa pistoni. Presha itashuka, jaza tena. Ule mlio wa "psss" unapofungua pampu ni hewa ya mrija, si ya shokapu.

7. Nunua unachoweza kuhudumia

RockShox hupendekeza huduma ya chumba cha hewa kila saa 50 za kuendesha na ya dampa (sehemu ya mafuta) kila saa 200, na vumbi la huku halipunguzi kazi hiyo. Chumba cha hewa hufunguliwa nyumbani kwa sili mpya, grisi na utulivu, baada ya kutoa upepo wote. Ukiona shokapu imejikunja na haitaki kurudi ilhali vali haina kitu, usiifungue: hewa imenaswa chumba hasi na inaweza kumjeruhi mtu. Dampa ni kazi nyingine, inahitaji nitrojeni yenye presha kubwa na vifaa ambavyo mafundi wachache wanavyo.

Kwa iliyotumika, zungusha kitufe cha ribaundi mwisho hadi mwisho ukiibonyeza. Kasi ya kurudi isipobadilika, au ukisikia mafuta yakisukasuka ndani, dampa imekufa na bei ishuke kwa gharama ya kuitengeneza. Pitisha ukucha kwenye chuma kinachoteleza. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha utaua kila sili utakayoweka. Na iwe mpya au ya mtumba, agiza seti ya sili siku hiyohiyo unayolipia shokapu.