Je, Katiba inaniruhusu kununua bastola?

*Mimi ni Mtanzania, nasoma Columbus, Ohio, kwa viza ya mwanafunzi. Jirani yangu kaibiwa mara mbili. Anasema Katiba ya Marekani inampa kila mtu haki ya bunduki, nami ninunue. Ni kweli? – J.*

Ndugu J., hofu yako naielewa, lakini bastola usiiguse kwanza. Haki ya silaha imo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi, kujilinda nyumbani kwake. Hapo jirani hajakosea. Ila haki hiyo ina mipaka, na sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenye viza za muda, wanafunzi wakiwemo, kuwa na silaha au hata risasi. Wenye grini kadi hawamo katika katazo hilo. Dukani utajaza Fomu 4473, inayouliza uraia na hali yako ya uhamiaji. Kudanganya humo ni jinai. Na usijipe moyo kwamba utakodi tu kwenye uwanja wa shabaha: kuishika bastola nako kunahesabiwa kuwa na silaha.

Upo mwanya, leseni halali ya uwindaji, lakini muone kwanza wakili wa uhamiaji. Kwa leo, badilisha kitasa, weka taa mlangoni.